Walipona, kisha wakatafuta kazi: Historia ya vijana walionusurika saratani

Usiku wa tarehe 22 Mei mwaka 1948, wasikilizaji wa redio kote nchini Marekani walisikia sauti ya mvulana wa miaka 12 aliyekuwa amelazwa katika hospitali ya watoto mjini Boston. Mtangazaji Ralph Edwards, aliyekuwa akizungumza naye kutoka Hollywood, hakulitaja jina lake halisi. Alimwita Jimmy tu. Mvulana huyo alikuwa anaugua saratani. Wachezaji wa timu ya besiboli ya Boston Braves waliingia chumbani mwake mmoja baada ya mwingine, na wasikilizaji wakaombwa kuchangia dola 20,000 kwa ajili ya utafiti wa saratani za watoto, ili naye Jimmy apatiwe televisheni ya kutazamia michezo ya timu aipendayo. Zilikusanywa zaidi ya dola 231,000.

Kwa miaka 50 watu wengi waliamini kwamba Jimmy alifariki dunia utotoni, kwa sababu wakati ule watoto wachache mno walikuwa wakipona ugonjwa huo. Mwaka 1998 alijitokeza hadharani. Jina lake lilikuwa Einar Gustafson, mzaliwa wa familia ya wakulima katika jimbo la Maine, naye alikuwa amekwisha kuwa baba na babu. Riziki yake aliipata kwa kuendesha malori ya masafa marefu. Alifariki mwezi Januari mwaka 2001 akiwa na umri wa miaka 65.

Msikilizaji, usiku ule wa mwaka 1948 taifa zima liliuliza iwapo mtoto yule ataishi. Haikumpitikia mtu kuuliza atakuja kufanya kazi gani, na hilo halishangazi, maana mgonjwa haulizwi uji. Lakini walipoanza kupona kwa mamia, na baadaye kwa maelfu, swali hilo la pili halikuweza tena kukwepwa. Makala haya yanafuatilia jinsi lilivyoibuka, na kwa nini majibu yake yalibidi kutafutwa pia mabungeni, mahakamani na katika hesabu za kampuni za bima.

Dawa zatangulia

Daktari aliyemtibu Jimmy aliitwa Sidney Farber. Mwezi Juni mwaka 1948 alichapisha matokeo ya majaribio yake kwa watoto 16 wenye saratani ya damu, waliopewa dawa iliyoitwa aminopterini. Watoto 10 kati yao walipata nafuu ya wazi. Nafuu hiyo ilikuwa ya muda mfupi na ugonjwa ulirejea, lakini ilikuwa mara ya kwanza kuthibitika kwamba dawa inaweza kuurudisha nyuma ugonjwa ambao hadi hapo ulikuwa ukiua katika muda wa wiki au miezi.

Mwaka 1962 ilifunguliwa hospitali ya St. Jude mjini Memphis. Mkurugenzi wake wa kwanza, Donald Pinkel, aliamua kuchanganya dawa kadhaa kwa pamoja na kuongeza mionzi kichwani, kwa kuwa chembe za saratani ya damu hujificha katika ubongo na utando wake, mahali ambapo dawa hazifiki kwa urahisi. Watoto walioanza tiba hiyo kati ya mwaka 1967 na 1968 walipofuatiliwa, ilionekana kwamba takriban nusu yao walikuwa wamepona kabisa.

Wakati huo huo, historia nyingine ilikuwa ikiandikwa Afrika Mashariki. Mwaka 1957 katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari wa upasuaji kutoka Ireland, Denis Burkitt, alimwona mtoto aliyevimba mataya pande zote mbili. Mwaka uliofuata alichapisha maelezo ya ugonjwa huo, na mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari maili 10,000 katika nchi za Afrika ili kujua unapatikana wapi na wapi haupatikani. Saratani hiyo hadi leo inaitwa kwa jina lake. Ikabainika kwamba baadhi ya watoto hao walipona kwa dozi chache tu za dawa, bila kisu wala mionzi. Mwaka 1967 kilifunguliwa Mulago kituo maalumu cha kutibu ugonjwa huo, kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Makerere na Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani. Kituo hicho ndicho chanzo cha Taasisi ya Saratani ya Uganda. Wamarekani walipoondoka katika miaka ya utawala wa Idi Amin, daktari wa Kiganda, Charles Olweny, na wenzake waliendelea na kazi. Kwa hiyo Kampala ni miongoni mwa mahali pa kwanza duniani palipoonekana watoto wakiponywa saratani kwa dawa pekee.

Kizazi kisichotarajiwa

Katika miaka ya 1970 watoto wa kwanza wa tiba hizo walifikia umri wa kuomba kazi. Walikuta ulimwengu ambao haukuwa umejiandaa kuwapokea.

Kikwazo cha kwanza kilikuwa fomu ya maombi. Waajiri wengi wa Marekani waliuliza moja kwa moja iwapo mwombaji amewahi kuugua saratani. Kijana aliyejibu ndiyo aliweza kuitupa nafasi yake kwa mkono wake mwenyewe. Aliyejibu hapana aliajiriwa, lakini siku ukweli ulipojulikana aliweza kufukuzwa, si kwa ugonjwa bali kwa uongo. Mtu mzima aliyeugua akiwa tayari kazini alikuwa angalau na rekodi ya utumishi na wakubwa waliomfahamu. Kijana hakuwa na rekodi yoyote ila miaka miwili au mitatu iliyopotea katika masomo, ambayo kila mwajiri angetaka kujua ilikwenda wapi.

Mtaalamu wa ustawi wa jamii wa California, Frances Lomas Feldman, alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kulichunguza jambo hili kwa utaratibu. Alianza mwaka 1976 na watumishi wa ofisini, akafuata wafanyakazi wa mikono mwaka 1978, na mwaka 1980 akawafikia vijana wa umri wa miaka 13 hadi 23. Picha aliyoichora ilikuwa ya watu wenye uwezo na nia ya kufanya kazi, wanaokutana na minong'ono, kutengwa na milango iliyofungwa. Kulikuwa bado na watu walioamini kwamba saratani huambukiza.

Kikwazo cha pili kilikuwa ndani ya mwili wenyewe. Mionzi ile ile iliyookoa maisha ya mtoto mwenye saratani ya damu iliweza kumpunguzia kasi ya kufikiri, kumbukumbu na uwezo wa hesabu, na madhara hayo yalikuwa makubwa zaidi kwa waliotibiwa wakiwa wadogo sana. Baadhi ya dawa zilidhoofisha moyo, nyingine zilipunguza usikivu wa masikio. Waliougua saratani ya mifupa, wengine wao walikatwa mguu. Madhara haya hayakuonekana siku mtoto aliporuhusiwa kutoka hospitalini. Mengine yalijitokeza miaka 10 au 20 baadaye, mtu akiwa darasani au kazini, mbali na daktari aliyemtibu.

Bima iliyofungwa kwenye ajira

Kikwazo cha tatu kilikuwa cha Marekani hasa, na ili kukielewa inabidi kurudi nyuma hadi Vita Vikuu vya Pili vya Dunia. Serikali ya Marekani ilizuia kupandishwa kwa mishahara wakati wa vita. Waajiri waliokuwa wakigombea wafanyakazi wachache waliobaki wakaanza kuwavutia kwa bima ya afya. Mwaka 1954 sheria ya kodi ilithibitisha kwamba malipo ya mwajiri kwa bima hiyo hayahesabiwi kuwa kipato cha mfanyakazi. Tangu hapo, kwa Wamarekani wengi wasio wazee, kupata kazi kukawa ndiyo njia ya kupata matibabu.

Mfumo huo ulimbana kijana aliyenusurika saratani kutoka pande zote mbili. Mwajiri mwenye wafanyakazi wachache alihofia kwamba mtu mmoja mwenye historia ya ugonjwa mkubwa angepandisha gharama za bima za kampuni nzima. Hofu yake haikuwa chuki tu; ilikuwa na hesabu nyuma yake. Naye kijana aliyebahatika kupata kazi yenye bima alishindwa kuiacha hata kama ilikuwa chini ya uwezo wake, kwa sababu bima ya kazi mpya ingeweza kukataa kugharimia ugonjwa aliokuwa nao zamani. Mtu anayemhitaji daktari kuliko wengine ndiye aliyekuwa na nafasi finyu kuliko wengine ya kumlipa.

Sheria, na mtego ndani ya sheria

Sheria ya mwaka 1973 iliwalinda watu wenye ulemavu dhidi ya ubaguzi, lakini kwa serikali kuu na taasisi zilizopokea fedha zake. Kanuni zake zilifafanua kwamba hata mtu mwenye historia tu ya ugonjwa kama saratani anastahili ulinzi. Sekta binafsi kwa jumla ilibaki nje ya sheria hiyo.

Mabadiliko ya fikra yalikuja katika miaka ya 1980, na yalianza na neno. Daktari Fitzhugh Mullan, ambaye aligundulika kuwa na saratani mwaka 1975 akiwa na umri wa miaka 32, aliandika mwaka 1985 kwamba lugha ya udaktari ilikuwa na makundi mawili tu, waliopona na wasiopona, na kwamba lugha hiyo haitoshi. Kunusurika, alieleza, ni safari yenye misimu yake, na kazi na bima ni sehemu ya safari hiyo. Mwaka 1986 yeye na wenzake walikutana Albuquerque, katika jimbo la New Mexico, wakaunda muungano wa kitaifa wa manusura wa saratani. Mwaka 1988 ulichapishwa waraka wa haki za manusura, na miongoni mwa haki hizo ilikuwamo nafasi sawa katika ajira.

Mwezi Julai mwaka 1990 ilitiwa saini sheria kubwa ya Wamarekani wenye ulemavu. Hiyo iliwagusa waajiri binafsi, na ilipiga marufuku kuuliza hali ya afya ya mwombaji kabla ya kumwahidi kazi. Lile swali la kwenye fomu likawa limefutwa. Wengi walidhani safari imefika mwisho.

Haikuwa hivyo. Mahakama zilianza kuuliza iwapo mdai kweli ana ulemavu. Mwaka 1999 Mahakama ya Juu iliamua kwamba mtu apimwe katika hali aliyo nayo baada ya kupata dawa au kifaa cha kumsaidia. Kwa wagonjwa wa saratani na waliopona, tafsiri hiyo finyu ilikuwa mtego. Aliyekuwa na nguvu za kufanya kazi aliambiwa si mlemavu, kwa hiyo sheria haimlindi. Aliyekuwa hoi kiasi cha kuitwa mlemavu aliambiwa hafai kazi. Wakawa kama popo wa hadithi, ambaye wanyama walimkataa kwa mbawa zake na ndege wakamkataa kwa meno yake.

Mtego huo uliteguliwa na marekebisho ya mwaka 2008, yaliyoanza kutumika tarehe 1 Januari mwaka 2009. Sheria ikaeleza bayana kwamba ugonjwa uliotulia unahesabiwa kama ungevyohesabiwa ukiwa umepamba moto. Na kuhusu bima, sheria ya afya ya mwaka 2010 iliwaruhusu vijana kubaki katika bima za wazazi wao hadi wafikishe miaka 26, na kuanzia mwaka 2014 ikazikataza kampuni za bima kumkataa mtu kwa ugonjwa aliokuwa nao awali. Tangu matangazo yale ya redio ya Boston, ilikuwa imepita miaka zaidi ya 60.

Takwimu zinasema nini

Mwaka 1994 ulianzishwa Marekani na Canada uchunguzi mkubwa wa kuwafuatilia zaidi ya watu 14,000 waliougua saratani utotoni kati ya mwaka 1970 na 1986 na kuishi angalau miaka mitano. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006 yalionyesha kwamba zaidi ya asilimia 62 kati yao walikuwa na angalau tatizo moja la kudumu la afya, na zaidi ya robo walikuwa na tatizo kubwa au la kutishia maisha. Wastani wa umri wao ulikuwa takriban miaka 26 na nusu, umri ambao watu wengi ndio kwanza wanaanza kazi.

Mwaka huo huo wa 2006 watafiti wa Uholanzi walikusanya pamoja tafiti mbalimbali kuhusu ajira. Walikuta kwamba mtu aliyenusurika saratani ya utotoni alikuwa karibu mara mbili katika hatari ya kukosa kazi kuliko mwenzake asiyeugua. Kwa waliougua uvimbe wa ubongo hatari hiyo ilikaribia mara tano. Lakini kulikuwa na jambo jingine. Tafiti za Marekani zilionyesha hatari ya mara tatu, ilhali zile za Ulaya hazikuonyesha tofauti ya wazi kati ya walionusurika na watu wengine.

Tofauti hiyo inaweza kuwa na sababu zaidi ya moja, kwa maana nchi hizi hazifanani katika elimu wala huduma za jamii. Hata hivyo, ni vigumu kutoitazama bima. Ujerumani ilianzisha bima ya lazima ya afya mwaka 1883, na katika mfuko wa umma mtoto hulindwa pamoja na wazazi wake wala mwanachama hakataliwi kwa ugonjwa wa zamani. Aliyetibiwa saratani nchini humo kwa kawaida hutambuliwa kuwa mtu mwenye ulemavu kwa miaka kadhaa, mara nyingi mitano, hadi ithibitike kwamba ugonjwa haukurejea. Waajiri wenye wafanyakazi 20 au zaidi hutakiwa kutoa asilimia 5 ya nafasi kwa watu wenye ulemavu mkubwa, la sivyo hulipa tozo.

Uingereza, wanakoishi wasikilizaji wetu wengi, ilipitisha sheria yake mwaka 1995, lakini ilibidi isubiri hadi Desemba mwaka 2005 ndipo saratani ihesabiwe kuwa ulemavu tangu siku ya kugundulika. Sheria ya Usawa ya mwaka 2010 iliongeza kwamba mwajiri, isipokuwa kwa sababu chache maalumu, haruhusiwi kuuliza afya ya mwombaji kabla ya kumpa kazi. Ufaransa iligusa wale wanaotaka kujiajiri. Sheria ya mwaka 2016 ilimpa aliyepona haki ya kutotaja saratani yake ya zamani anapoomba bima ya mkopo, miaka 10 baada ya tiba, au miaka 5 kama aliugua kabla ya kufikisha miaka 18. Mwaka 2022 muda huo ulipunguzwa kuwa miaka 5 kwa wote.

Kinachomsaidia kijana

Sheria hufungua mlango, lakini kijana lazima aweze kuingia. Katika miongo hii madaktari wenyewe wamebadili tiba. Mwaka 2009 hospitali ya St. Jude ilitangaza kwamba mtoto mwenye saratani ya damu aweza kutibiwa bila mionzi ya kichwani na bado matokeo yakawa mazuri sana. Huo ni ulinzi wa akili ambayo siku moja itahitajika darasani na kazini.

Jambo la pili ni shule. Mwalimu anayefika wodini humwezesha mtoto asirudi nyuma madarasa mawili. Uingereza ilifungua wodi ya kwanza maalumu kwa vijana wenye saratani mwaka 1990 katika hospitali ya Middlesex mjini London, kwa kutambua kwamba kijana wa miaka 17 ana mahitaji yasiyo ya mtoto wala ya mzee. Marekani, mfuko ulioanzishwa mwaka 1993 na mtu aliyenusurika mwenyewe ulianza kuwalipia walionusurika ada za chuo.

Jambo la tatu ni karatasi. Ripoti ya wataalamu wa Marekani ya mwaka 2005 ilipendekeza kila anayemaliza tiba apewe muhtasari wa dawa na mionzi aliyopata pamoja na vipimo atakavyohitaji siku za usoni. Kijana mwenye muhtasari huo ataweza kumweleza mwajiri kwa uhakika kile anachoweza na anachohitaji. Na mara nyingi anachohitaji ni kidogo: maagizo kwa maandishi kwa mwenye kumbukumbu dhaifu, saa zinazoongezwa polepole kwa anayechoka upesi, au ruhusa ya siku moja ya kwenda kliniki.

Muongo mmoja mkononi

Afrika Mashariki inasimama wapi? Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watoto na vijana wapatao 400,000 huugua saratani kila mwaka. Katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 hupona; katika nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati ni chini ya asilimia 30. Mwaka 2018 shirika hilo lilianzisha mpango wenye lengo la kufikisha asilimia 60 duniani ifikapo mwaka 2030. Maana yake ni kwamba, lengo likifikiwa hata kwa nusu tu, eneo letu litakuwa na kizazi chake kikubwa cha kwanza cha vijana walionusurika.

Watazikuta sheria za namna gani? Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakataza ubaguzi kwa sababu ya hali ya afya. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 na Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 zilipoorodhesha misingi ya ubaguzi unaokatazwa, zilitaja ulemavu, na zikataja virusi vya Ukimwi kwa jina. Saratani haikutajwa. Ukimwi uliingia katika orodha hizo baada ya watu wanaoishi nao kusimama hadharani na kusema. Waliopona saratani bado ni wachache na wengi wao wamenyamaza, mara nyingi kwa hofu ile ile ya minong'ono.

Katika sheria hizo mbili, basi, kijana aliyepona atalazimika kupita katika mlango wa ulemavu, na Marekani imekwisha kutuonyesha jinsi mlango huo unavyoweza kumfungia nje yule aliyepona vizuri.

Mtoto anayemaliza tiba leo akiwa na miaka minane ataomba kazi yake ya kwanza baada ya miaka kumi hivi. Watoto wa Memphis wa mwaka 1968 walikuwa na muda kama huo, nao uliisha bila mtu kuutumia, na mwisho wake wakakutana na fomu yenye swali ambalo halikuwa na jibu jema. Kumwekea mtoto mwalimu wodini, kumwandikia muhtasari wa tiba yake na kuongeza neno moja katika kifungu cha sheria ni mambo ambayo hayangoji uvumbuzi wowote mpya. Muongo huo sasa uko mikononi mwetu, na umekwisha kuanza kuhesabika.